Njia Inayoanzia Baharini

Guangzhou, Jumapili jioni

Kaka Amani,

Wiki hii koti lako la mvua limefumuliwa. Sikulifumua kwa mkono wangu, lakini neno la ruhusa nililitoa mimi, na niliketi pale pale nikitazama mpaka mshono wa mwisho. Nimeona nikueleze mwenyewe, tena tangu mwanzo, maana mpaka sasa sijui kama ninajisikia vibaya au sijisikii kitu.

Niko Uchina. Usishangae. Ulipofariki nilikuwa bado nafuata nguo Dubai. Baadaye wenzangu wakaanza kusema kwamba vya Dubai vyenyewe vinatoka huku, basi afadhali mtu aje achukue mwenyewe. Nimekuja na Bi Mwanaidi, mama wa Kizanzibari mwenye duka Kariakoo, ambaye ameshafika huku kabla yangu na anazijua njia. Tunalala chumba kimoja. Akishaswali alfajiri ananimiminia chai, anaiweka karibu na kichwa changu, halafu ananiacha. Nampendea hilo.

Mwezi huu kuta za huku zinatoka jasho. Ni maji kweli, Kaka, yanateremka ukutani mpaka sakafuni, ukivaa kandambili unateleza, na nguo ukifua leo wiki ijayo bado mbichi. Bi Mwanaidi analalamika kutwa nzima. Mimi nakaa tu. Tangu tukuzike nimekuwa mtu wa kukaa tu. Nikiambiwa twende naenda, nikiambiwa tule nakula.

Tulikuzika Marangu, kihambani, kwenye shamba la ukoo, ubavuni kwa Baba. Sanduku lilikuja limezibwa kwa bati kwa ndani, na walioleta walisema lisifunguliwe. Mama aliomba aone japo mkono. Mchungaji akamshika bega. Mimi wakati huo nilikuwa nagawa chai. Shangazi akaniambia mbele ya watu, "Aika, lia mwanangu, usijifungie." Nikamjibu, "Ndiyo, Shangazi," nikaenda kuongeza sukari kwenye birika. Watu wameshasema nina roho ngumu.

Torbjorn ndiye aliyekusindikiza kutoka Norwei. Ulikuwa ukinisimulia habari zake kwenye simu, rafiki yako wa kupanda, nami nilimkuta huko kwako kiangazi kile nilipokuja. Ungemwona nyumbani kwetu! Mtu mrefu vile ameketi kwenye kigoda cha Mama, magoti yamefika kidevuni, anakula mtori wa ndizi taratibu kama yuko kanisani. Baada ya mazishi aliniomba aeleze ilivyokuwa. Alisema kwa Kiingereza, mimi nikawa natafsiri. Nilipofika kwenye "walitoka asubuhi," Mama aliinua mkono. "Inatosha," akasema. "Asante baba. Inatosha." Akaingia jikoni, na tangu siku hiyo hakuuliza tena. Torbjorn akanimalizia mimi peke yangu huko nje, karibu na zizi. Kisha akanipa begi lako. Koti lilikuwa juu kabisa, limekunjwa vizuri.

Kiangazi kile nakikumbuka vizuri kuliko mazishi.

Ulitoka kwenye Mlima Kilimanjaro, ukiwa umeongoza wageni hadi kilele cha Uhuru mara zisizo na idadi, na mmoja wao akakupeleka kwao ukafanye kazi ya njia. Sisi nyumbani tulidhani unatania. Kazi ya njia gani ya kupaka rangi mawe? Nikaja nikaona. Kila mwanzo wa kiangazi, theluji ikishapungua, unapanda na kopo la rangi nyekundu na brashi, unapaka alama mpya juu ya zile zilizochubuliwa na baridi, na marundo ya mawe yaliyobomoka unayapanga tena, ili ukungu ukishuka mtu aone rundo moja kutoka rundo jingine arudi salama. Uliniambia, "Huku hawana waongozaji kama sisi. Kila mtu anapanda na familia yake. Mwongozaji ni hii rangi." Ulilisema kwa fahari. Nilikuona mkubwa siku ile.

Nilitaka tuanze na njia fupi, ukakataa. Ulitaka nianzie chini kabisa, kwenye gati. Kule bahari imeingia katikati ya milima, imejipenyeza ndani mwendo wa siku nzima kwa feri, wenyewe wanaita fjodi, na milima imesimama wima huku na huku kama ukuta wa nyumba. Hakuna tambarare. Uliniambia niinamie maji nichovye mkono. Nikachovya, nikashtuka kwa baridi. Ukaonja yako kwenye kidole ukasema, "Chumvi. Tunaanzia sifuri, mdogo wangu."

Tukapita shamba la kondoo, ukafungua lango ukalifunga nyuma yetu. Tukaingia msitu wa miti midogo yenye magome meupe yanayobanduka kama karatasi. Baada ya msitu kinamasi, kimetandazwa mbao za kukanyaga, ukaniambia nisitoke nje ya mbao maana mguu utazama hadi gotini. Nikatoka nje ya mbao. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Halafu ukanivua kiatu, ukakamua soksi yangu, ukanipa yako moja kavu, tukaendelea kila mmoja na soksi mbili za rangi tofauti.

Juu ya kinamasi kuna maporomoko, na kando ya maporomoko njia inakuwa mawe matupu. Hapo ulinifundisha kukanyaga kwa unyayo mzima, si kwa vidole. "Mwamba mkavu ni rafiki. Wenye ukoga mweusi usiuguse." Tulipanda hadi ziwa la kwanza, lina barafu katikati ya kiangazi. Tukavuka kipande cha theluji, wewe mbele ukichimba nafasi ya mguu kwa kisigino, mimi nyuma nikitia mguu palepale. Nikatazama chini mara moja. Feri tuliyoshuka asubuhi ilikuwa ndogo kama punje ya mchele kwenye sahani ya kijani.

Mvua ilitukuta kwenye kibanda cha juu, kile cha mbao kisicho na mlinzi. Ukanivalisha koti lako. Lilikuwa rangi ya chungwa, refu kwangu. Ukasema, "Nyanyua mikono. Juu kabisa, kama umeshika mzigo kichwani." Nikanyanyua. "Umeona? Kiuno hakifunuki, mkono haupandi. Aliyelikata anajua kupanda." Kisha ukatazama mvua dirishani, ukasema ungependa wapagazi wa Marangu wawe na makoti kama lile. Wao mvua ikinyesha wanatoboa mfuko wa plastiki tundu la kichwa. Ulikuwa mpagazi kabla hujawa mwongozaji. Hukusahau ubaridi ule.

Baada ya kibanda njia inaingia kwenye mgongo wa mlima, mwembamba, una mnyororo wa kushikilia, na kila upande ni bahari chini. Tulipita. Niliupenda. Sikuwahi kukuambia hivyo kwa sababu nilipofika kileleni nilikutukana kwa Kichaga, ukanikumbatia. Kisha uliniambia neno ambalo nimelitumia leo, nitalifikia.

Aliyonieleza Torbjorn ni haya. Ilikuwa mwisho wa msimu. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Mlikwenda kukaza mnyororo wa kwenye ule mgongo kabla theluji haijafunga njia. Mlipofika kibandani jua likatoka, ukasikia joto, ukavua koti ukalitundika kwenye msumari. Mkaendelea. Mlikuwa mnazungumza habari za chakula. Ulikuwa ukimweleza ndizi za nyama zinavyopikwa. Kamba hamkufunga, pale hakuna anayefunga kamba. Ukaegemea jiwe lile ambalo kila mpita njia huliegemea. Likatoka. Hukupiga kelele. Torbjorn alipogeuka kuuliza kitu kuhusu ndizi, aliona bahari tu.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia asante. Nikamwuliza kama ataongeza mtori.

Basi mwaka huu waongozaji wenzako wa pale geti la mlimani walinijia. Walisikia nakwenda Uchina. Wakaniomba niwatengenezee wapagazi makoti ya mvua ya kweli, yenye jina lako kwa ndani, shingoni. Nikasema sawa. Nililitia koti lako kwenye begi kama mtu anavyotia sampuli ya kitambaa.

Kangle, mtaa wa mafundi wa huku, ni kijiji kilichomezwa na mji. Nyumba zimekaribiana hadi watu wa ghorofani wanapeana chumvi dirishani, vichochoro vimejaa pikipiki za magurudumu matatu zenye majora ya vitambaa, na kila mlango una cherehani zinanguruma. Bi Mwanaidi alinipeleka kwa mwanamke mmoja aliyewahi kumshonea madera. Tunamwita Laoban, ndivyo huku wanavyomwita mwenye mali. Ni mwembamba, nywele fupi, pini zimechomekwa kwenye kifua cha sweta. Hajui Kiingereza, mimi sijui Kichina. Tulielewana kwa kalkuleta na mikono.

Akalipima koti kwa futi, akaligeuza ndani nje, akaandika. Siku ya pili akanipa la kwanza alilokata kwa vipimo vile. Zuri kwa macho. Nikalivaa, nikanyanyua mikono kama nimeshika mzigo. Kiuno chote nje. Akakata jingine. Nikanyanyua mikono. Kiuno nje. Laoban akalichukua lako, akaingiza kidole kwapani, pale mishono mitatu inapokutana na kujikunja, akakizungusha, akatikisa kichwa. Akatoa kile kisu kidogo cha kufumulia, akakiweka juu ya koti bila kukata. Akanitazama.

"Meiyou," akasema. Hilo neno utalisikia kila duka huku. Hakuna. Hakuna njia nyingine.

Bi Mwanaidi akanivuta mkono. "Shoga, usikubali. Kitu cha maiti hicho, ndicho kilichobaki. Mwambie ashone vyovyote, watavaa. Mtu amezoea mfuko wa plastiki atakosa kushukuru koti?"

Alisema kwa huruma, Kaka. Na ni kweli wangeshukuru. Wangelivaa, wangepanda nalo, na maji yangeingia kiunoni kila wanapoinua mkono kushika mzigo, na hakuna ambaye angenilaumu. Nilisimama pale, cherehani zinanguruma. Nilisubiri nisikie kitu ndani yangu cha kuniambia ndiyo au hapana. Hakikuja. Nikawaza tu kwamba wewe ulilivua ukalitundika. Hukulishikilia.

Nikasema, "Fumua."

Kiswahili hakijui, lakini alielewa. Akaanzia kwapani. Alifumua polepole sana, uzi mmoja mmoja, bila kuchana kitambaa hata mahali pamoja. Mikono ikatoka. Kofia ikatoka, ikawa vipande vitatu. Fundi mkataji, ambaye ni kaka yake Laoban, akawa anavipokea na kuvilaza mezani juu ya karatasi. Kwenye mkono wa kulia kulikuwa na tone la rangi nyekundu lililokauka, la kazini kwako. Laoban akalikwangua kidogo kwa ukucha akidhani ni uchafu, akaniuliza kwa macho. Alikuwa anauliza la nani hili.

Nimelijua neno la kaka kwa kusikia, maana yeye humwita ndugu yake gege kutwa nzima. Na neno jingine nimejifunza kwa muuza samaki wa jirani na hoteli. Samaki akigeuza tumbo juu kwenye beseni, yule bwana husema sile, anamtoa.

Nikasema, "Gege. Sile."

Kwa Kiswahili nimesema umefariki. Nimesema umetutoka, umetangulia, umepumzika. Neno amekufa, hivyo tu, mdomo wangu haukuwahi kulitamka mpaka pale, kwa lugha ya watu.

Laoban akakiweka kisu chini. Akamwambia ndugu yake jambo, naye akazima cherehani iliyo karibu. Hakunishika wala hakunipa pole, pengine kwao haiko hivyo, au aliona siko tayari. Alinivutia kiti. Akachukua pasi, akakipasi kila kipande, akakichora kwenye karatasi, akakiweka kando kwa mpangilio, cha kushoto kushoto, cha kulia kulia. Alipomaliza akanionyesha kwa vidole kwamba atavirudisha vyote. Uzi wa chungwa, meiyou. Alirudishia mweusi.

Sasa lina mistari myeusi kila mahali. Mvua halizuii tena, matundu ya sindano yameshakuwa mengi. Nilipolichukua nililinusa. Harufu yako imekwisha, linanuka mvuke wa pasi. Nilidhani hapo ndipo nitakapoanguka. Sikuanguka. Nilisikia njaa, Kaka, njaa ya kweli ya tumboni, ya kwanza tangu tukuzike. Wao walikuwa wanakula palepale juu ya meza ya kukatia, wakanipa bakuli la tambi na mboga. Nikala. Laoban akaniongeza bila kuniuliza. Bi Mwanaidi, ambaye chakula chao hakigusi, aliketi pembeni akinitazama, akafuta macho yake kwa ncha ya mtandio.

La kwanza lililokatwa kwa vipande vyako nimelivaa jana. Nikanyanyua mikono juu, nikainama, nikageuka. Kiuno hakikufunuka. Wasichana wa cherehani wakapiga makofi. Nikamwambia Laoban ashone yote.

Leo ndiyo Jumapili ya kumpigia Mama. Tulipatana awe pale ofisi ya usharika baada ya ibada, nami huku inakuwa jioni. Nilikwenda kwenye duka la simu, nikaingia kwenye kijichumba cha kioo. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Nikamwambia habari za makoti. Koti lako nikamwambia pia.

Kisha akasema, "Aika. Huko kwenyewe alikokuwa anapanda, kukoje?"

Sikuwa nimejiandaa. Nikaanza na gati, kwa sababu sikujua mahali pengine pa kuanzia. Nikamwambia maji yana chumvi. Nikamwambia lango la kondoo, miti yenye magome ya karatasi, mbao za kinamasi na mguu wangu ulivyozama. Hapo alicheka kidogo kwa pua, kama zamani. Na ndipo nikamwambia lile ulilonishangaza nalo siku ile kileleni, ukiwa umenikumbatia, kwamba pamoja na kupanda kote kule tulikuwa bado tuko chini kuliko jikoni kwake Marangu.

Nilidhani atacheka tena.

"Mlima gani huo," akasema, "ulio chini ya jiko langu, ukaniulia mtoto?"

"Unaanzia baharini, Mama. Wote aliupanda kwa miguu yake, kutoka majini."

Nikamsikia anavuta pumzi. Mtu mwingine alikuwa anafunga madirisha ya ofisi huko nyuma yake. "Endelea," akasema.

Nikaendelea. Nikampitisha kwenye maporomoko, nikamwambia habari ya kukanyaga kwa unyayo mzima. Nikamfikisha kwenye ziwa. Tulikuwa kwenye theluji, namweleza ulivyokuwa ukinichimbia nafasi ya mguu kwa kisigino, laini ikakatika. Nikapiga tena, ikaita bila mtu. Mwenye duka akagonga kioo, kuna wanaosubiri.

Nimerudi hotelini. Bi Mwanaidi amekwenda kwa wenzake. Bado sijalia, na sijilazimishi. Macho makavu, mikono inafanya kazi. Kesho nakwenda Shiling kutafuta mabegi, keshokutwa soko la nguo la Shisanhang, kisha nafunga mzigo na kurudi.

Nakuachia hapa, Kaka Amani. Lala ulipo, kwa Baba. Nami nakuahidi hili. Nikifika nyumbani nitaketi na Mama jikoni, nitaanzia pale kwenye theluji. Nitamfikisha kibandani. Nitampitisha kwenye mnyororo, bahari huku na bahari huku, na nitamwambia kwamba ni kuzuri. Nitamfikisha kwenye jiwe. Akiinua mkono kwamba inatosha, nitasubiri. Akisema niendelee, nitaendelea.

Mdogo wako,
Aika